Jinsi Wachache Walivyowatawala Wengi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Kianjai. Tumeipiga chapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika. Ukiisha kuisoma mpe jirani.)



 Katika mkutano uliopita vijana wetu waliuliza swali ambalo halikujibiwa kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuzama. Waliuliza hivi: Wazungu walikuwa wachache, na wenyeji walikuwa wengi, basi waliwezaje kulitawala karibu bara zima la Afrika kwa miaka mingi hivyo? Kamati ilituagiza tutayarishe jibu, na ndilo hili.

Hatukuja kuwasimulia mambo ya kale ili kupitisha wakati. Mnajua kwamba katika shauri la leo jambo la tatu ni habari ya vitambulisho. Yuko mwajiri mmoja katika upande wetu huu, nasi hatumtaji jina kwa sababu shauri bado liko mezani, ambaye amewaambia vibarua wake waache vitambulisho vyao kwa karani kabla ya kuanza kazi. Wengine hurudishiwa jioni, wengine mwisho wa mwezi. Wanachama wengine wamesema ni jambo dogo. Sisi twasema tutazame kwanza wazee wetu walitawaliwa kwa njia gani, kisha kila mtu apime mwenyewe kama jambo hili ni dogo.

HESABU YENYEWE

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliwahesabu watu wote wa Kenya. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 5. Wazungu wote, pamoja na wake zao na watoto wao, hawakufika 30,000. Maana yake ni kwamba kwa kila Mzungu mmoja walikuwapo Waafrika zaidi ya 170. Hapana jeshi duniani linaloweza kusimamia watu 170 kwa mtu mmoja, usiku na mchana, shambani na nyumbani. Kwa hiyo jibu la swali la vijana haliwezi kuwa bunduki peke yake. Bunduki ilikuwapo, tena ilitumika sana, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuanza. Kuendesha kulitaka vitu vingine.

Watu wengi husema kwamba bara letu liligawanywa mezani Berlin, katika mkutano uliokaa tangu Novemba 1884 hata Februari 1885. Sivyo hasa. Mle Berlin mataifa ya Ulaya yaliwekeana kanuni tu za kunyang'anyia, wasije wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Kanuni moja ilisema kwamba anayedai pwani fulani sharti aonyeshe kwamba anaishika kweli. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Mwaka 1886 na tena mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipiga mistari kati yao, huku Kenya na kule Tanganyika, na hakuna mzee mmoja wa Kiafrika aliyeulizwa. Mwaka 1888 malkia wa Uingereza aliipa kampuni moja ya biashara hati ya kutawala upande wetu. Kampuni ilishindwa na gharama, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza yenyewe ikaitwaa nchi. Reli ikaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Sisi watu wa vyama vya wafanya kazi yafaa tuwakumbuke hao pia.

Reli iligharimu fedha nyingi, na fedha hizo zilitakiwa zirudi. Zitarudi kutoka wapi? Kutoka ardhini kwetu na mikononi mwetu. Basi hebu tuzitazame njia zao, moja baada ya nyingine.

NJIA YA KWANZA: KUMPIGA MMOJA ILI WENGI WAONE

Mwaka 1905 Wanandi, waliokuwa wakiipinga reli kwa miaka mingi, walimpoteza kiongozi wao Koitalel arap Samoei, aliyepigwa risasi pale alipokuja kwa ajili ya mazungumzo ya amani. Mwaka 1906 askari wa serikali waliingia Embu, wakaua watu na kuchukua mifugo, kisha wakajenga boma. Habari hizo zilifika Meru kabla ya askari wenyewe. Mwaka 1908 alipokuja Bwana Edward Horne, ambaye wazee wetu walimwita Kangangi, na kujenga boma mahali palipo mji wa Meru sasa, hapakuwa na vita vikubwa. Wazee walikuwa wamekwisha kuona moshi wa Embu. Si kwamba walikuwa waoga. Walikuwa wakihesabu mikuki na bunduki.

Hii ndiyo desturi ya mtawala mwenye askari wachache. Hawezi kuwapiga wote, basi humpiga mmoja vibaya mno, na wengine hujifunga wenyewe.

NJIA YA PILI: KUTAWALA KWA MKONO WA MWENYEJI

Katika Meru hapakuwa na machifu. Mambo yetu yaliamuliwa na wazee katika baraza zao, na juu ya baraza hizo ilikuwapo Njuri Ncheke, ambayo mahali pake pa heshima, Nchiru, si mbali na hapa tulipo. Neno la mtu mmoja halikuwa amri. Lilikuwa shauri la kuzungumzwa.

Serikali haikuweza kufanya kazi na watu wa namna hiyo. Ilitaka mtu mmoja wa kumwita, wa kumwamuru, na wa kumfukuza akikosa. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa maofisa nguvu ya kuteua wakubwa wa vijiji, na sheria ya mwaka 1912 iliwaongezea wakubwa hao uwezo. Kazi yao ilikuwa nini? Kukusanya kodi, kutoa watu wa kazi, kulimisha barabara, na kupeleka habari kwa Bwana DC. Aliyeifanya vizuri alipata kofia, mshahara, na mara nyingi ardhi. Aliyeifanya vibaya alivuliwa.

Bwana Lugard, aliyepata kutumikia ile kampuni katika nchi zetu kabla ya kwenda Nigeria, aliandika kitabu mwaka 1922 akaieleza njia hii kana kwamba ni heshima kwa mila zetu. Kwa kweli ilikuwa hesabu ya fedha. Chifu mmoja alikuwa rahisi kuliko ofisa mmoja kutoka Uingereza, tena lawama za watu zilimwangukia yeye. Mwananchi alipopigwa faini alimchukia jirani yake mwenye kofia, hakumwona aliyeshona kofia ile. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Baadaye serikali iliona machifu hawasikilizwi sana, nayo ikageuka. Katika miaka ya 1930 DC aliyeitwa Lambert alianza kuisaidia Njuri Ncheke na kuitambua, ili amri za serikali zitoke katika kinywa cha wazee. Je, ilifaulu? Tazameni mwaka 1956. Njuri ya Meru, kwa kutakiwa na maofisa, ilitoa amri ya kukomesha tohara ya wasichana. Hatusemi kwamba tohara ile ilikuwa njema. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2011 inaikataza, nasi twaiunga mkono kabisa. Lakini mwaka ule wa 1956, katikati ya hali ya hatari, wasichana walisikia amri ya wakoloni katika sauti ya wazee, wakakataa. Walinunua nyembe wakajitahiri wenyewe, wakaitwa Ngaitana, na maelfu ya watu wakashtakiwa. Hata jambo lenye faida, likiletwa kwa mlango wa kulazimisha, watu hulikimbia. Na baraza la wazee likiisha kuazimwa na mtawala, lazima lirudi nyumbani na heshima iliyopungua.

NJIA YA TATU: KODI

Ndugu, zamani mtu wa hapa Tigania alikuwa na mtama wake, viazi vikuu vyake, mbuzi wake na mizinga yake ya nyuki. Hakuwa na haja ya kwenda kumlimia mtu mwingine mbali. Setla alikuwa na ardhi kubwa bila mikono ya kuilima. Mtu asiye na haja humtoaje nyumbani? Humtengenezea haja.

Basi ikaletwa kodi ya nyumba mwaka 1901, na kodi ya kichwa mwaka 1910. Mwanzoni pengine walipokea mbuzi au kazi, lakini walichotaka ni fedha. Na fedha hazioti shambani. Zilikuwa mikononi mwa Mzungu, na njia ya kuzipata ilikuwa kumfanyia kazi. Maofisa na masetla hawakuficha jambo hili. Walisema wazi kwamba kodi itawatoa vijana nyumbani. Kwa hiyo kodi ilifanya kazi mbili kwa pamoja: ilijaza sanduku la serikali na ilijaza mashamba ya masetla.

Palipokuwa bado na upungufu walitumia amri. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 vijana wa nchi nzima walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Jina la Kariakor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu yao. Na vita vilipokwisha, mwaka 1919, Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu "wawatie moyo" watu kwenda kazini kwa masetla. Kila chifu alijua maana ya kutia moyo huko.

NJIA YA NNE: ARDHI NA MAZAO

Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwawezesha masetla kupewa ardhi kwa miaka 99. Sheria ya mwaka 1915 ikageuza miaka hiyo kuwa 999. Mahakama ikasema mwaka 1921 kwamba Mwafrika, hata juu ya ardhi ya babu yake, ni mpangaji tu wa Serikali ya Mfalme, wa kuondolewa wakati wowote. Mwaka 1926 mipaka ya rizavu ikatangazwa. Kwetu Meru, malisho mazuri ya upande wa Timau yakaingia katika nchi ya Wazungu.

Kisha wakatazama mazao. Kahawa, zao lenye bei, lilifungiwa masetla. Sababu walizotoa ni kwamba Mwafrika hatajua kuitunza na ataleta magonjwa ya mimea. Sababu nyingine, ambayo haikusemwa kwa sauti, ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mwenziwe. Ni katika miaka ya 1930 tu ndipo Wameru, Waembu na Wakisii walipoanza kuruhusiwa, kwa kiasi kidogo na kwa masharti makali. Kijana anayepita leo katika kahawa ya nyanya yake ajue kwamba mti ule ulipata kuwa marufuku kwa sababu ya rangi ya ngozi ya mpandaji.

NJIA YA TANO: KIPANDE

Sasa tumefika mahali tunapotaka mtege sikio.

Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyekwisha kubalehe alipigwa chapa ya vidole, akapewa karatasi ya kubeba ndani ya kijisanduku cha bati. Wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Ndani yake yaliandikwa jina lake, kabila lake, na mahali pake. Tena yaliandikwa majina ya waajiri wake, siku aliyoanza kazi, siku aliyoacha, na mshahara aliokuwa akipewa.

Fikirini vizuri kazi ya karatasi ile. Mwajiri mpya alisoma mshahara wa zamani, naye hakuwa na sababu ya kuzidisha. Mwajiri wa zamani asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kazi mahali pengine. Ukikimbia, alama ya kidole inakutafuta. Na kwa Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906, kuacha kazi kabla ya siku yake hakukuwa ugomvi wa watu wawili, bali kosa la jinai, la faini au jela. Mwajiri hakuhitaji mlinzi wala mnyororo, kwa sababu alikuwa ameshika karatasi yako.

Mwaka 1921 masetla walipanga kupunguza mshahara kwa theluthi moja, na kodi ilikuwa imepandishwa hata kufika shilingi 16. Harry Thuku, karani wa simu katika Nairobi, akasimama kuyapinga hayo pamoja na kipande na kazi ya kulazimishwa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati wa watu, wengi wao wafanya kazi, ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai afunguliwe. Mama Mary Muthoni Nyanjiru aliwaaibisha wanaume waliotaka kurudi nyumbani, watu wakasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Watu zaidi ya 20 walikufa, na mama yule alikuwa mmoja wao. Kodi ikateremshwa kuwa shilingi 12. Lakini kipande hakikuondoka mpaka mwaka 1947, ilipopitishwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Ni miaka zaidi ya 25 baada ya risasi zile.

NJIA YA SITA: KUTENGANISHA

Serikali iliwahesabu watu kwa kabila, ikawakalisha kwa kabila, na mara nyingi kazi pia ikagawanywa kwa kabila. Iliogopa kitu kimoja: siku watu hao watakaposahau mipaka iliyochorwa.

Siku hiyo ilifika Mombasa Januari 1947. Maelfu ya wafanya kazi wa bandari, reli, hoteli na nyumba za matajiri, wa makabila mbalimbali na dini mbalimbali, waligoma pamoja, na mji ukasimama. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa uhamishoni Kabarnet. Mwaka 1949 Makhan Singh, Mhindi, na Fred Kubai, Mwafrika, waliunda shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki. Serikali ilikataa kuliandikisha, na mwezi wa Mei 1950 ikawakamata wote wawili. Wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakufunguliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka 11 kwa kosa la kuwaunganisha watu!

Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Watu wa Kikuyu, Embu na Meru walitakiwa kubeba pasi maalum ili kusafiri au kufanya kazi. Zaidi ya watu milioni moja walitolewa katika miji yao wakasongamanishwa katika vijiji vyenye mahandaki na miti iliyochongwa. Kando ya msitu wa Mlima Kenya wananchi, na wengi wao walikuwa kina mama, walichimbishwa handaki refu bila malipo. Katika uwanda wa Mwea, upande wa Embu, waliowekwa kizuizini walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Yule alaye wali wa Mwea leo amkumbuke aliyechimba. Na msituni walikuwapo watu wetu wa Meru, kama Musa Mwariama, ambaye hakukamatwa hata uhuru ukaja.

Mwaka 1955 serikali iliruhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika, lakini kila chama kikae ndani ya wilaya yake tu. Mmeona ujanja huo? Kila wilaya iseme peke yake. Kwa miaka ile Shirikisho la Wafanya Kazi wa Kenya, chini ya Tom Mboya, ndilo lililobaki kuwa mdomo wa watu wa nchi nzima, kwa kuwa chama cha wafanya kazi hakiulizi wilaya. Mwaka huo huo makuli wa Mombasa waligoma, shauri likapelekwa kwa wasuluhishi, nao wakaongezewa mshahara.

JE, KWINGINE ILIKUWA AFADHALI?

Wako wanaosema Waingereza walikuwa wapole kuliko wengine. Tuwalinganishe. Katika Kongo, tangu 1885 mpaka 1908, mfalme Leopold wa Ubelgiji aliimiliki nchi kama shamba lake mwenyewe. Vijiji viliandikiwa kiasi cha mpira, na waliopungukiwa waliuawa, wakafungiwa wake zao, au wakakatwa mikono. Katika Tanganyika Wajerumani walilazimisha kilimo cha pamba, na watu wa kusini waliposimama katika Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, jeshi lilichoma chakula, na njaa ikaua makumi ya maelfu ya watu. Katika nchi zao Wafaransa walikuwa na sheria iliyompa ofisa nguvu ya kumfunga mwenyeji bila mahakama, na kazi ya kulazimishwa haikufutwa mpaka mwaka 1946. Wareno wakaendelea nayo mpaka mwanzo wa miaka ya 1960.

Bendera zilikuwa mbalimbali, na ukali ulizidiana. Lakini shabaha zilikuwa zile zile: kazi iwe rahisi, kodi iingie, na watu wanyamaze. Kumsifu mwizi kwa kuwa alibisha hodi si haki.

KILICHOBAKI

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Bendera ilishuka siku moja, ila sheria hazikushuka nayo. Ile sheria ya machifu iliendelea kuwapa machifu wa nchi huru uwezo wa kikoloni, na haikupunguzwa makali mpaka mwaka 1997. Watu wa Mau Mau wenyewe walikuwa chini ya marufuku hata mwaka 2003. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba watu waliteswa katika vizuizi, ikatoa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Mwaka 2023 Mfalme Charles alipozuru Kenya alieleza masikitiko na majuto yake, lakini msamaha rasmi hakuuomba. Tunayasema haya ili mwone kwamba jambo hili halikuisha wakati babu zetu walipokufa.

Lakini si haki kumtwika Mzungu kila kitu. Njia tulizozieleza ni vyombo, na chombo hutumika na ye yote anayekiokota. Mwafrika anaweza kumnyima Mwafrika mwenziwe karatasi yake. Mwafrika anaweza kugawanya wafanya kazi kwa ukoo ili awalipe kidogo. Rangi ya mkono hubadilika, na njia hubaki ile ile.

SHAURI LETU

Sasa turudi kwenye vitambulisho. Mwajiri anatoa sababu: majembe na mapanga yake yanapotea, na kitambulisho ni dhamana. Wanachama wengine wanaongeza kwamba kazi ni adimu, na atakayekataa nafasi yake itachukuliwa na mwingine asubuhi ile ile. Sababu hizo zina uzito nasi hatuzidharau.

Lakini tazameni kilichotokea tayari. Mama mmoja kati yetu alitumiwa fedha na mwanawe kwa simu, akashindwa kuzitoa kwa wakala kwa kuwa kitambulisho kilikuwa katika meza ya karani. Kijana mwingine alipata kazi bora penginepo, akaambiwa asubiri mwisho wa mwezi ndipo apewe karatasi yake. Huyo amefungwa kwa kamba gani? Ni ile ile ya kijisanduku cha bati, ila sasa haivaliwi shingoni.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 30, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa kwa haki kazini, ya kuwa mwanachama wa chama, na ya kugoma. Haki hizo zililipiwa na wale tuliowataja leo. Kwa hiyo kamati yenu inapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tumwandikie mwajiri barua ya heshima, tumweleze kwamba hatutaacha vitambulisho, na tumpe njia nyingine: daftari la vyombo, kila mtu atie sahihi anapochukua jembe na anaporudisha, na mjumbe wetu ashuhudie. Mali yake italindwa vizuri zaidi kuliko sasa.

Pili, asikatae mtu mmoja mmoja. Anayekataa peke yake atafukuzwa, na tutakuwa tumemtoa sadaka. Tukatae siku moja, sote, Watigania na Waimenti na Waigembe na wageni wote wanaofanya kazi pale, waume kwa wake, wenye kadi ya chama na wasio nayo.

Tatu, barua isipojibiwa katika siku 14, shauri lipelekwe kwa ofisa wa kazi kwa maandishi, na nakala ibaki katika faili la tawi. Wakoloni walitutawala kwa karatasi. Basi na sisi tujifunze kutunza karatasi.

Vijana mliuliza wachache waliwezaje kuwatawala wengi. Jibu letu ni kwamba waliwatawala wengi kwa kuwakuta mmoja mmoja: kila mtu na kodi yake, kila mtu na kipande chake, kila kabila na mpaka wake. Mahali walipokutwa pamoja, kama Mombasa mwaka 1947, mambo yalikuwa mengine.

Kura itapigwa baada ya chai. Twaomba kila mtu anyoshe mkono kwa fikira yake mwenyewe, bila kuogopa jirani.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Sisi wenu katika kazi,
Kamati ya Elimu ya Tawi, Kianjai.